Queen Amepata Dada Mwingine

Flaviana alikuwa anakula wali wake wa jana katika chumba cha mapumziko cha kliniki anayofanyia kazi, pale Irving, Texas, alipofungua simu akaona picha iliyomharibia chakula. Mdogo wake Queen, anayesoma chuo kikuu huko Houston, alikuwa amekumbatiana na binti mmoja mrefu mwenye miwani. Wote wawili wamevaa fulana za rangi ya chungwa zenye herufi za Kigiriki kifuani, na wanacheka mpaka magego yanaonekana. Chini ya picha Queen ameandika kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: heri ya kuzaliwa, dada yangu mkubwa, sijui ningekuwa wapi bila wewe.

Flaviana alisoma mara mbili, akafunika bakuli. Queen hajui angekuwa wapi? Flaviana anajua vizuri sana. Angekuwa Morogoro kwa shangazi yao, anasugua masufuria ya watu. Na siku ya kuzaliwa ya Flaviana mwenyewe, iliyopita majuma machache nyuma, Queen alimtumia katuni ya keki yenye mshumaa, basi.

Mchana ule, mgonjwa mmoja, mzee wa Kimeksiko aliyezoea kuchekeshwa na Flaviana wakati mashine inamsafisha damu, alimwona kanuna akamuuliza kama mumewe amemuudhi. Flaviana akajibu kwamba hana mume. Lilikuwa jibu la kweli, lakini siku hiyo lilimchoma, kwa sababu hata huko kukosa mume kulimhusu Queen.

Mama yao alifariki Queen akiwa hajaanza shule. Baba yao, Mzee Modestus, alishinda bahati nasibu ya viza akahamia Texas na binti zake wawili, akapata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege. Kazi yenyewe ya zamu, leo alfajiri, kesho usiku, kwa hiyo mtoto akaangukia mikononi mwa Flaviana, ambaye naye ndiyo kwanza alikuwa anatoka utotoni. Flaviana ndiye aliyemsuka nywele kila Jumamosi sakafuni sebuleni. Ndiye aliyekwenda vikao vya wazazi shuleni na Kiingereza chake cha kuokoteza, na ndiye aliyejua pumu ikitaka kumbana Queen huanza na kikohozi gani. Alipotokea Edson, kijana mtaratibu wa Arusha anayefanya kazi za kompyuta, akileta habari za posa, Flaviana alimwomba asubiri Queen amalize high school. Edson alisubiri, akasubiri, halafu akaoa Mhabeshi wa Garland. Flaviana alikwenda harusini, akala, akacheza, akarudi nyumbani akamsaidia Queen mazoezi ya hesabu.

Kwa hiyo mtu asimcheke haraka. Anayekupa miaka yake yote hiyo hakupi bure, hata kama mwenyewe anaapa kwamba ni bure. Anasubiri kitu. Flaviana alikuwa anasubiri kidogo tu: kwamba Queen akiulizwa dada yake ni nani, jibu liwe moja.

Habari za chama zilikuwa zimeanza kabla ya picha ile, Queen alipoingia mwaka wa pili.

"Dada, nataka ku-join sorority," alisema kwenye simu.

"Ndiyo kitu gani hicho?" Flaviana alijua. Mtu huwezi kuishi Texas miaka yote hiyo usione vijana wa vyuo na majaketi yao ya herufi. Alitaka tu aambiwe.

"Ni chama cha akina dada hapa chuoni. Tuna-support each other. Huku ukiwa peke yako unapotea, Dada. Wao wana watu kila mahali, ma-doctor, ma-lawyer, wote walipita humo. Ukitafuta internship, mtu anakushika mkono. Ukifeli mtihani, mtu anakaa na wewe unasoma."

"Una dada tayari."

"Dada, siyo hivyo."

"Ni vipi?"

Queen akacheka, akauliza kama Baba ameacha kula chumvi nyingi. Alikuwa na kipaji hicho tangu mdogo, cha kuteleza kama kambare.

Flaviana akapeleka mashtaka kwa Theodora, rafiki yake mhasibu, ambaye waliimba pamoja katika kwaya ya misa ya Kiswahili. Theodora alimwambia bila kupepesa macho kwamba hao ni freemason. Tatizo la Theodora ni kwamba aliona freemason hata kwenye nembo ya maziwa, kwa hiyo ushahidi wake haukuwa na uzito. Akapeleka kwa baba yake. Mzee Modestus alikuwa anavua buti za kazi, hakuinua hata kichwa.

"Mama yako alichezwa ngoma Morogoro," alisema. "Akawekwa ndani, mwali. Alipotoka, hakuna aliyemuuliza huko ndani kafundishwa nini. Hawa nao wanawekana ndani kwa namna yao. Mwache mtoto."

Flaviana hakuridhika, lakini hiyo habari ya mwali ilimkaa kichwani. Ilikuja kumponza baadaye.

Muhula ule wa mafunzo ya wapya wa chama, Queen alipotea. Simu hazipokelewi, ujumbe unajibiwa kesho yake kwa maneno matatu. Niko busy, Dada. Mambo ya chama yalikuwa siri, mikutano yake haina mwisho, na wale wakubwa wakisema wapya wote wavae suruali nyeusi wiki nzima, wanavaa. Wakisema wakariri majina ya waasisi, wanakariri mpaka usingizini. Somo la kemia, ambalo Queen alikuwa analimeza toka sekondari, likaporomoka. Queen alipokiri jambo hilo kwa sauti ya unyonge, Flaviana alimpa pole na maneno ya busara, lakini moyoni alifurahi. Ndiyo, alifurahi. Alijiambia, sasa ataona kwamba hao dada zake hawana maana. Alipokata simu ndipo aliposhtuka na kujiuliza ni dada gani anayeshangilia mdogo wake kufeli.

Halafu ikaja habari ya pumu. Flaviana aliipata wakati imekwisha, tena kwa mdomo wa mtu mwingine.

"Yaya, bonjour," sauti ilisema kwenye simu, kwa Kiswahili cha Kongo ambacho yaya ni dada mkubwa. "Niko Zoé, wa kule chuo na Queen. Usiogope, sasa iko muzuri. Juzi pumu ilimukamata, tukamupeleka hôpital. Tulikuwa tunabadilishana kulala pale pembeni yake. Yeye hakutaka kukusumbua juu ya kazi, lakini mimi naona si muzuri yaya asijue."

Zoé ndiye yule mrefu mwenye miwani wa kwenye picha. Wazazi wake walikuwa wakimbizi wa Kikongo waliopokelewa Haltom City, na yeye alikuwa mwaka wa mwisho. Chamani kila mpya hupewa mkubwa mmoja wa kumlea, na Queen alipewa yeye. Kwa taratibu za mle ndani, basi, Zoé alikuwa dada mkubwa wa Queen kihalali kabisa.

Flaviana alikaa kwenye gari lake uwanjani mwa kliniki, simu sikioni. Hakuwaza pumu. Aliwaza kiti. Kile kiti cha plastiki kando ya kitanda cha hospitali, ambacho amekikalia yeye tangu Queen ana meno ya utoto, na sasa kimekaliwa na wengine kwa zamu.

"Nashukuru," alisema. "Ila siku nyingine nipigiwe mimi kwanza. Mimi ndiye dada yake."

"Ndiyo, Yaya. Najua."

Upole wa yule binti ulimkera kuliko kama angemtukana. Angemtukana, angepata pa kushika.

Mwezi wa nne Queen alipiga mwenyewe, sauti imechangamka. Mafunzo yameisha. Kuna onyesho la kuwatambulisha wapya mbele ya chuo chote, Jumamosi mchana, na kila mtu anakuja na watu wake.

"Uje, Dada. Please usichelewe."

Flaviana moyo ukamlainika. Ukakaa laini kama dakika nzima, mpaka Queen alipoongeza kwamba likizo ya kiangazi hatarudi Irving. Zoé amemtafutia nafasi ya mafunzo katika hospitali moja ya Houston, nafasi ambayo wengine wanaililia, na atakaa chumba kimoja na dada zake wa chama. Alisema hivyo, dada zangu, bila kusita, kama mtu anayetaja mabega yake mwenyewe.

"Hongera," Flaviana alisema.

Jioni ile alifungua sanduku akatoa khanga ya mama yao. Ilikuwa kipande kimoja cha doti, kile kingine walimzikia marehemu. Nyekundu iliyopauka, na maandishi yake bado yanasomeka vizuri: NANI KAMA MAMA. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya siku ya harusi ya Queen. Lakini harusi iko mbali, na Zoé yuko karibu. Mwali akitolewa nje, watu wake humwendea wanacheza, wanamfunga khanga mbele ya kadamnasi, na hapo hata kipofu anajua huyu ni wa nani. Mcheza kwao hutunzwa. Basi atatunzwa, na huyo Zoé atatazama.

Theodora alikubali kumsindikiza, nusu kwa urafiki, nusu kwa hamu ya kuwaona freemason kwa macho yake. Walishona magauni ya kitenge kimoja cha rangi ya chungwa, kwa kuwa ndiyo rangi ya chama, na asubuhi ya Jumamosi wakashika barabara ya Houston. Njia nzima Flaviana aliongea habari moja.

"Nasikia wanafunikwa nyuso," Theodora alisema walipokuwa wanakaribia Huntsville. "Wote nguo moja, wote barakoa. Utamjuaje?"

"Mtoto niliyemwogesha mimi mwenyewe, nisimjue?" Flaviana alisema. "Hata mwende mfiche watu mia ndani ya gunia, mimi nitamtoa Queen."

Theodora akaangalia ng'ombe nje ya dirisha.

Uwanja wa chuo ulikuwa umefurika. Vijana wa vyama vingine na vyama vya wavulana wamesimama makundi makundi na rangi zao, wazazi wamebeba maua na maputo, muziki unatikisa vifua. Katikati wamechora mstari wa chaki, na mabinti wa chama wamesimama pembeni yake wanalinda. Zoé alikuwa mmoja wao. Alipowaona alikuja mbio, akapiga goti kidogo kuwaamkia, akawatafutia nafasi mbele kabisa.

"Yaya, umekuja," alisema. "Queen atafurahi sana." Alitaka kuongeza kitu, macho yake yameitazama khanga begani mwa Flaviana, lakini akaitwa.

"Binti ana adabu," Theodora alisema.

"Adabu ya paka," Flaviana alijibu.

Wapya wakatoka. Walikuja kwa msururu uliobanana, kila mmoja kifua chake kwenye mgongo wa mwenzake, makoti ya kijivu mpaka magotini, barakoa za chungwa zimefunika uso mzima, nywele zote zimefichwa ndani ya vilemba vya aina moja. Wanapiga hatua pamoja, wanapiga makofi pamoja, wanaitikia kwa sauti moja. Hata Flaviana, pamoja na chuki yake yote, aliona kwamba ni kazi nzuri. Mabinti wale walikuwa wamefundwa wakafundika. Ndiyo hicho kilichomuuma. Queen, ambaye hata kukunja shuka ilikuwa vita, huku amejifunza kutikisika kwa wakati mmoja na watu wengine wasiomhusu.

Akaanza kutafuta. Akapita wa mbele, akapita wa katikati. Wa pili kutoka mwisho, bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, kama Queen anavyoshusha bega tangu enzi za begi zito la shule. Urefu ule ule. Shingo ile ile.

"Yule pale," alisema. "Nilikuambia."

Hakungoja. Theodora aliachia kigelegele, kimoja kirefu cha kwao, kikakata muziki katikati, na Flaviana akauvuka mstari wa chaki anacheza. Alicheza kama walivyocheza Morogoro, kiuno taratibu, khanga ameinyanyua juu kwa mikono miwili. Alimwona Zoé kwa pembe ya jicho, ameinua mkono na kufungua mdomo. Ona, alijisemea, ona wivu wake. Akaupita msururu wote toka mwanzo mpaka karibu na mwisho, akamfikia yule binti, akamzungushia khanga kiunoni, akafunga fundo, akamshika mabega.

Kulikuwa na vicheko huku na huku, na mtu mmoja nyuma akaguna. Ule mstari hauvukwi. Hata rais wa chuo angesimama upande wake, na wapya nao wameapa kutogeuka hata wakinyeshewa mvua. Hawakugeuka. Lakini yule binti alikuwa anatetemeka ndani ya khanga, na chini ya barakoa machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni. Flaviana aliyaona. Mtoto wangu analia kwa ajili yangu, aliwaza, na akarudi nafasini pake kifua mbele, akimtupia Zoé jicho la mtu aliyeshinda kesi.

Onyesho likaendelea. Mwishowe wakaanza kuvua barakoa, mmoja mmoja, kila mmoja anatangaza jina lake na kwao. Wa kwanza akavua. Wa pili akavua, na alikuwa Queen.

Flaviana alidhani macho yanamdanganya. Queen alikuwa mwanzoni kabisa mwa msururu, pale pale alipopita yeye akicheza. Alitangaza jina lake kwa sauti kubwa bila kutikisika, Queen, Irving, Texas, na macho yake yalikuwa yanatazama mbele kama alivyofundishwa. Hayakumtazama dada yake hata kidogo.

Yule mwenye khanga alipovua, ilikuwa sura ya mtoto wa watu. Alisema anaitwa Kwamboka, wa Missouri City.

"Mungu wangu, Flaviana," Theodora alisema polepole.

Flaviana aliangalia viatu vyake. Miaka yote ile ya masuko ya sakafuni na vikohozi vya alfajiri, na mtu wake amepita mbele ya uso wake hakumjua. Zoé alijua. Bila shaka alijua kila mmoja yuko wapi, ndiyo maana aliinua mkono.

Baada ya onyesho watu walivamia uwanja na maua yao. Flaviana alimwona Queen kule mbali amezama kifuani kwa Zoé, mabega yanacheza, analia. Alitaka kwenda, akasita. Aliyemjia ni Kwamboka, bado amefungwa khanga, barakoa mkononi.

"Auntie, shikamoo. Ama niseme aje. Nimejua ulikuwa unatafuta mtu wako." Alikuwa anaongea haraka, macho mekundu. "Mum alikataa kukuja. Pastor wao alisema hizi ni vitu za devil, na sasa hata simu hashiki. Nilikuwa nimesimama hapo nikijiambia hakuna mtu wangu ako hapa, halafu nikasikia mtu ananishika. Nilijua umekosea. Lakini sikutaka utoke. Wacha nikufungulie."

Akaanza kuhangaika na fundo. Flaviana alikuwa amekwisha kutayarisha maneno, kwamba samahani mwanangu, ni ya marehemu mama, naomba nirudishie. Alifungua mdomo kuyasema. Lakini mwali akishatunzwa hanyang'anywi, na binti mwenyewe alikuwa anafungua fundo huku ameishikilia khanga kwa mkono wa pili asije akaiachia.

"Iache," alisema. "Ni yako."

Kwamboka akamkumbatia kwa nguvu mpaka kilemba kikamdondoka. Akaomba namba ya simu, akapewa. Akaondoka anaisoma khanga kiunoni mwake, midomo inacheza.

Queen alimkuta dada yake kwenye maegesho, anajifanya anatafuta ufunguo. Theodora alipomwona anakuja akakumbuka ghafla kwamba anatafuta choo.

"Najua nimekuaibisha," Flaviana alianza. "Zoé wako angeniambia mapema, nisingevuka. Mimi nilidhani ni kama kwetu, mwali akitoka—"

"Sijali hiyo." Queen alikuwa bado ndani ya koti la kijivu, rangi ya machoni imemchuruzika. "Watu wamecheka, so what. Sijali."

"Sasa unalia nini?"

"Ile ni khanga ya Mama."

Flaviana akaacha kutafuta ufunguo.

"Nilikuona unakuja," Queen alisema. "Niliona khanga nikajua. Mguu ukaanza kunitetemeka, nikasema hapa nitaanguka na Zoé ataniua. Nikasema Dada anakuja kwangu. Ukaja mpaka hapa." Akaonyesha kwa kiganja, karibu kabisa na pua yake. "Ukanipita, Dada. Nimesikia mpaka mafuta yako ya nazi. Ukanipita ukaenda kumfunga Kwamboka."

"Mlifunikwa."

"Ulisema siku zote utanijua hata gizani."

Alikuwa analia sasa ile ya utotoni, mdomo wa chini umebinuka, makamasi hayafutwi. Flaviana alimtazama na huruma ikamshika, huruma ya kweli, wala asisingiziwe. Lakini chini ya ile huruma kulikuwa na kitu kingine kinachipua, kitamu, kwa sababu alichokiona usoni mwa Queen alikitambua mara moja, alikuwa ameishi nacho mwenyewe muda mrefu. Ulikuwa wivu, na safari hii haukuwa wake.

"Mwambie arudishe," Queen alisema.

"Mwali hanyang'anywi. Unajua."

"Mwali wako ni mimi."

"Mama yake hakuja, Queen. Hana mtu."

"Ana sisi. Ana sisters wote hawa. Kwa nini akuchukue na wewe?"

Hapo mtu mwema angemkumbatia mdogo wake yakaisha. Flaviana alimkumbatia, lakini kwanza alisema la kusema. "Wewe umepata dada mwingine, mimi nimekupa hongera," alisema. "Na mimi nikipata mdogo mwingine, tatizo liko wapi?"

Queen alisimama kifuani mwa dada yake, amekaza mikono, na hakuteleza kama kambare.

Kiangazi hakurudi Irving. Alikaa Houston na dada zake wa chama, akafanya mafunzo yake hospitalini, na kusema ukweli nafasi ile ilikuwa nzuri, Flaviana mwenyewe aliisifia kwa wanakwaya. Kemia nayo ikapanda, kwa kuwa Zoé alimkalisha chini akamfundisha. Flaviana hakumpenda Zoé. Alijaribu, akashindwa, akaona isiwe taabu. Lakini simu za Queen zilianza kuingia kila Jumapili baada ya misa, bila kukosa, kabla Flaviana hajavua hata viatu.

Zilianza na habari za kawaida, Baba hajambo, joto la huko, nani kaoa. Halafu, kama jambo lililopita tu kichwani, Queen aliuliza.

"Kwamboka amekupigia?"

"Amepiga asubuhi hii," Flaviana alisema. Alikuwa anakoroga mchuzi, akapunguza moto ili asikie vizuri. "Anaongea sana yule mtoto. Tena siku hizi ananiita Dada."

Upande wa Houston kikasikika kiti kinavutwa.

"Labor Day ya Septemba nakuja nyumbani," Queen alisema. "Nakuja mimi peke yangu. Usimwambie yeye aje."

"Sawa, mama."

Flaviana alikata simu, akarudi kwenye mchuzi wake kwa raha na kwa aibu. Kwamboka alikuwa amepiga mara moja tu, kesho yake baada ya onyesho, kushukuru. Tangu hapo hajapiga tena.